Mtendaji wa kata anataka masta: asome siasa au utawala?

Mwezi huu barua za masomo zimekuwa nyingi kuliko za ndoa, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye safu hii tangu nianze kuiandika. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana imenigusa, zilizobaki fupi fupi, mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi ni mtendaji wa kata huku mkoa wa Singida, nina miaka 34 na watoto wawili. Digrii ya kwanza nilisoma sosholojia nikatoka na GPA ya 3.2, nikakaa nyumbani miaka mitatu ndo nikapata hii kazi. Sasa nataka kusoma masta ila nimekwama kati ya sayansi ya siasa na utawala wa umma. Wenzangu wanasema siasa haina dili, soma utawala upande cheo. Mume wangu anasema yoyote tu ilimradi niwe nayo. Mi mwenyewe moyo uko kwenye siasa, napenda kujua kwa nini mambo yanakuwa yalivyo na sio kujaza fomu tu kila siku. Halafu mkopo wa bodi bado nakatwa. Nisaidie. Mtendaji aliyechoka.

JIBU: Marahaba binti, na pole na kazi, maana najua sa hivi unasoma hii huku kwenye benchi la nje kuna watu wawili wanakusubiri, mmoja ana ugomvi wa mpaka wa shamba na mwingine anataka mhuri tu lakini ameanza na historia ya babu yake.

Tuanze na hao wenzako. Wanaongea kana kwamba siasa na utawala ni nyumba mbili za mitaa tofauti, wakati pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni idara moja, Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, wanafunzi wanaiita PSPA, na Nairobi nao wana idara ya jina hilo hilo. Huu mvutano ni wa siku nyingi. Woodrow Wilson kabla hajafikiria hata kuwa rais wa Marekani, akiwa mwalimu wa chuo tu, aliandika makala mwaka 1887 akidai utawala ni kazi ya kitaalamu na unatakiwa ukae mbali na purukushani za siasa, na mpaka leo ukiingia darasa la utawala wa umma wiki ya kwanza utakutana nae.

Sasa wewe ichukue hiyo hoja yake uipeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata yako uone itadumu dakika ngapi. Mwenyekiti ni diwani, kapigiwa kura, anataka zahanati ianze kule kwenye kijiji kilichombeba. Katibu ni wewe, umeajiriwa, mkononi una barua ya mkurugenzi inayosema fedha ziende kumalizia maboma, yale majengo yaliyoishia njiani. Mmekaa meza moja, soda za aina moja, muhtasari unauandika wewe. Hapo siasa imeishia wapi na utawala umeanzia wapi? Ukiweza kunijibu hilo kwa kurasa 100 basi ushapata masta yako tayari, bado ada tu.

Na sio kwenye kata pekee. Mwaka 1972 serikali ilileta Madaraka Mikoani, halmashauri zikafutwa, kazi zake zikabebwa na watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Miaka kumi baadae, 1982, zikatungwa sheria za kuzirudisha na mwaka 1984 zikaanza kazi upya. Kwa nini serikali ifute kitu halafu ikirudishe? Hilo ni swali la mtu wa siasa. Ziliporudi hela zilitoka wapi, nani aliajiri, nani aliripoti kwa nani? Hilo ni la mtu wa utawala. Au chukua hili la juzi juzi, mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wa halmashauri wasisimamie uchaguzi, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka huo huo. Mkurugenzi ni mtumishi wa umma asubuhi, akivaa kofia ya uchaguzi anakuwa nani? Hapo hata walimu wenyewe hawatakubaliana ni mada ya nani.

Kwahiyo ushauri wangu, na najua kuna watakaonitukana, soma utawala wa umma darasani halafu tasnifu yako, ule utafiti wa kumalizia masta, iandike ya kisiasa. Kwenye utawala utakutana na bajeti na fedha za umma, rasilimali watu, sera za umma, serikali za mitaa, vitu ambavyo kesho yake unavitumia ofisini. Kwenye sayansi ya siasa utapata nadharia, siasa linganishi, vyama na chaguzi, uhusiano wa kimataifa, vitamu sana mi mwenyewe navipenda, ila siku unaomba nafasi atakayeangalia cheti chako ataangalia kama jina lake limo kwenye muundo wa kada, yaani ule waraka wa sifa zinazotakiwa kwa kila cheo, basi. Tasnifu hataifungua. Hapo ndo pa kuuweka moyo wako.

Lakini kabla hujalipia hata fomu nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri, mwambie akuonyeshe muundo wa utumishi wa kada yako na wa ile unayotaka kuhamia, usikubali kusimuliwa, usome mwenyewe. Masta yenyewe haikupandishi kitu. Inakufungulia mlango kama mlango upo. Na ruhusa ya mwajiri iwe ya maandishi na uwe umeingizwa kwenye mpango wa mafunzo, maana nimeona mtu amesoma kimya kimya jioni na wikiendi miaka miwili, amerudi na cheti kinang'aa, ofisi inamuuliza nani alikutuma.

GPA isikuumize kichwa. Digrii ya kwanza ya daraja la pili la chini ni 2.7 mpaka 3.4, na vyuo vingi vinaanzia hapo hapo 2.7, umo. Waliotoka na pasi ndo hupitia kwanza stashahada ya uzamili.

Hela sasa. Bodi ya mikopo ya wanafunzi inakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na nadhani, usinikasirikie, kuna mkopo wa benki pia maana sijaona mtumishi asiye nao, na ile theluthi inayotakiwa ibaki kwenye mshahara wako ushaifikia. Ukikopa tena kwa ajili ya ada utasoma na njaa. Kwahiyo angalia vyuo ambavyo havikulazimishi kuhama. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, unasoma ukiwa kazini. Mzumbe, ambayo mizizi yake ni shule ya serikali za mitaa ya Waingereza ya mwaka 1953 na baadae ikawa IDM, chuo cha uongozi wa maendeleo, kabla ya kuwa chuo kikuu, ndo kwa kweli nyumbani kwa watu wa kazi yako, ila ina kampasi Morogoro, Dar na Mbeya, sasa toka Singida hesabu nauli vizuri, na hesabu pia nani atabaki na watoto. Hilo mume aliesema yoyote tu ajibu kwa vitendo.

Nimesema tasnifu na hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndo watu wanakufa. Masomo ya darasani karibu kila mtu anamaliza, mna kundi la WhatsApp, mna makaratasi ya mitihani ya nyuma, mnasukumana. Ikifika tasnifu kundi linakuwa kimya, kila mtu na lake, unaanza kumkwepa hata supavaiza ukimuona korido. Mi nilikaa miaka mitatu hapo. Nilichapa madodoso 120 nikayasambaza kwenye kata sita nikarudishiwa 41, na kati ya hayo 41 kama kumi hivi yalikuwa na mwandiko mmoja na kalamu moja. Nikaja kugundua mtendaji mmoja, mwenzako, alikaa jioni akanijazia ili kunisaidia. Kwa roho safi kabisa! Na yote alijaza "nakubaliana sana".

Wewe hili unalijua kuliko profesa yeyote. Umeshapokea wangapi wanaokuja na ile barua, imetoka chuo ikapita kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka wilayani, ikaenda kwa mkurugenzi, ikifika kwako ina mihuri minne na wewe unaandika pembeni "apewe ushirikiano" halafu unampa mgambo ampeleke kwa wananchi. Na mgambo akikaa pale pembeni mama gani atasema hajawahi kuuona mkutano wa mapato na matumizi? Wote wataukumbuka, hata ambao haujafanyika.

Ndo maana nakukataza, nakukataza kabisa, usifanye utafiti kwenye kata yako. Ni rahisi, ni bure, orodha ya kaya unayo, lakini wewe pale ndo serikali, hakuna atakaekwambia ukweli, watakupa majibu wanayodhani unayataka kisha wakuombe na kitu kingine. Nenda halmashauri jirani, vaa kawaida, acha kujitambulisha kwa cheo, kaa kwenye benchi la nje kama wale wawili wako. Kukaa upande ule wa mlango tu utajifunza zaidi ya sura nzima ya mapitio ya maandishi.

Mada? Unayo kwenye droo. Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vilivyopata kwenye kata A ni vipi na kata B vipi, diwani alikuwa na mkono gani, vilivyokosa vilikosa kwa sababu ya katiba ya kikundi au kwa sababu ya jina la mwenyekiti wao? Mada moja, kata mbili au tatu, watu 25 unaowahoji wewe mwenyewe kwa kukaa nao chini, inatosha kabisa. Ukienda kwa supavaiza na "Utawala bora na maendeleo nchini Tanzania" atakurudisha, na asipokurudisha ndo mbaya zaidi maana utahangaika nayo mpaka watoto wamalize shule. Na kila sura ukimaliza itumie kwa imeili mbili, usitegemee flashi. Yangu niliifua ikiwa kwenye suruali.

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Miye nafanya kazi kwenye serikali ya kaunti, Kilifi. Bosi asema masta ya utawala ni kupoteza pesa, bora niende kozi ya Kenya School of Government nipate cheti upesi. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam. Bosi wako kasema nusu. Kile chuo, ambacho zamani kilikuwa Kenya Institute of Administration (KIA) pale Lower Kabete tangu 1961 na mwaka 2012 kikapewa sheria na jina jipya, kazi yake ni kumnoa aliye kazini, kozi za uongozi za wiki chache, na vyeo vingi vya juu serikalini vinataka uwe nazo. Tena kwenu kuna kampasi ya Mombasa na ya Matuga, huna haja ya kupanda gari la usiku. Ila kozi haichukui nafasi ya masta wala masta haichukui nafasi ya kozi, tangazo la kazi likitaka vyote viwili utabaki na kimoja mkononi. Kama pesa ni ya kimoja tu sa hivi, anza na kozi, halafu omba masta mwakani. Na kaunti zenu 47 zina miaka kumi na ushee tu tangu 2013, yaani bado hazijaandikwa vya kutosha, mi ningekuwa Mkenya ningezikimbilia.

SWALI: Mwalimu, skolashipu za nje kwa fani hii zipo kweli au ni stori za mitandaoni? Kijana wa Mbeya.

JIBU: Zipo. Chevening ya Uingereza inalipia masta ya mwaka mmoja, wanataka uwe na saa 2,800 za kazi, unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Dirisha huwa wanafungua Agosti. Ujerumani kuna ya DAAD, shirika lao la skolashipu, inayoitwa Helmut Schmidt, hiyo ni ya sera za umma na utawala bora hasa, na kabla ya kuanza masomo wanakufundisha Kijerumani. Zote maombi ni bure, yeyote anayekuomba elfu hamsini ya "kushughulikia faili" mfungie namba. Ukirudi na cheti kipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wakitambue kabla hujaanza kukitembeza kwenye maombi ya kazi.