Usimwandike mgonjwa "hakumbuki" kabla hujajua mfumo ulijazwaje

Bibi alikuwa barazani, ameketi mkekani anapeta mchele. Nikamsomea swali la utafiti kama lilivyo kwenye kishikwambi: "Je, umewahi kuambiwa na daktari au mhudumu wa afya kwamba una shinikizo la damu?" Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu, sijawahi." Nikabonyeza "Hapana", tukahamia kwenye sukari.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kwenye chumba cha takwimu cha hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga, nalinganisha majibu ya dodoso na taarifa za wagonjwa zilizomo kwenye kompyuta, yaani mfumo wa hospitali. Namba yake ikafunguka. Mahudhurio manne ndani ya mwaka, yote yana msimbo I10, ambao kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa ni shinikizo la damu, na kila hudhurio lina amlodipini, dawa ya kushusha presha, ya miligramu 5. Kwenye safu ya maoni nikaandika maneno mawili: "Mhojiwa hakumbuki."

Aliyekuwa akitusimamia alisoma safu ile akaniuliza, "Umejuaje?" Sikuwa na jibu. Fomu ya ridhaa ilikuwa imeruhusu turudi, basi nikarudi. Baada ya shikamoo na marahaba na kikombe cha chai, nikamwomba bibi anionyeshe dawa anazokunywa. Akaingia ndani, akatoka na bahasha ndogo ya dawa iliyokunjwakunjwa. Ndani kulikuwa na amlodipini, vimebaki vidonge vitatu.

"Hizi ni za nini, bibi?"

"Za moyo. Daktari alisema damu inapita kwa nguvu, moyo unachoka."

"Na presha?"

"Presha anayo dada yangu. Ilimwangusha, akapooza upande. Mimi sijaanguka."

Bibi alikumbuka kila alichoambiwa. Alikumbuka mpaka maneno. Ila mhudumu aliyemhudumia hakutamka "shinikizo la damu", na kwa bibi presha ni kile kinachomwangusha mtu. Swali langu ndilo lililopita kando, nami nikamtwisha yeye kosa.

Nimefanya kazi hii kwanza kama karani wa takwimu, kisha mhojaji, sasa mchambuzi. Najua vijana wengi wanaingia kwenye tafiti za aina hii kila mwaka: wanapewa faili mbili, moja ya dodoso na nyingine iliyotolewa kwenye mfumo wa hospitali, wanaambiwa "linganisha". Karibu wote huanza pale nilipoanzia mimi, kwamba mfumo ndio ukweli na mgonjwa ndiye anayesahihishwa. Nawaomba sana msianzie hapo.

Tuanze na maneno. Swali lile la shinikizo la damu halikutungwa barazani. Limetoka kwenye STEPS, dodoso la Shirika la Afya Duniani kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, ambalo Tanzania ilifanya utafiti wake mwaka 2012, na ni swali zuri kwa kulinganisha nchi na nchi. Lakini "shinikizo la damu" ni lugha ya redio na mabango. Nyumbani watu wana presha, na presha ina mambo mengi ndani yake. Kuna presha ya kupanda na presha ya kushuka. Kuna mtu atakwambia "jana nilipata presha" akimaanisha mwanawe alichelewa kurudi na moyo ukamwenda mbio. Huyo ukimwuliza kama ana presha atasema ndiyo, na hospitali hakuna aliyewahi kumpima akakuta 140/90, kiwango kinachoanza kuitwa shinikizo la damu. Mwingine amepimwa, amekutwa nayo, ameandikiwa dawa, akanywa mwezi mmoja akajisikia nafuu. Ukimwuliza atasema "nilikuwa nayo, imepona". Mtu wa namna hiyo utamweka "Ndiyo" au "Hapana"? Dodoso linakulazimisha uchague, na utakachochagua ndicho kitakachoitwa kutokubaliana na mfumo.

Kwa hiyo uliza kwa njia zaidi ya moja. Uliza kwa jina la hospitali, uliza kwa jina la nyumbani, uliza kama kuna dawa anayokunywa kila siku hata akiwa hajisikii vibaya. Kisha sema: "Naomba nizione." Katika maswali yote niliyowahi kuuliza, hilo ndilo lililonisaidia kuliko mengine. Dawa iliyo mkononi ina jina na ina idadi ya vidonge vilivyobaki. Mara nyingi bahasha yake ina tarehe pia.

Jambo la pili, nenda ukakae mapokezi. Siku mbili zinatosha. Usiende na kishikwambi, nenda na macho yako. Mimi nilikaa kwenye benchi karibu na dirisha la kujiandikisha, na nilichojifunza pale sikukipata kwenye mwongozo wowote wa takwimu.

Siku ya kwanza saa nne asubuhi umeme ulikatika, na uliporudi mtandao ulikuwa unasumbua. Wagonjwa hawakuondoka. Tabibu aliendelea kuandika kwenye vyeti vya karatasi, muuguzi akaendelea kujaza kitabu cha MTUHA (rejesta za serikali za taarifa za afya) namba 5, kile cha wagonjwa wa nje, na jioni karani alibaki na rundo la vyeti ayaingize yote. Mfumo ukampa kila mgonjwa tarehe na saa ya kuingizwa, si ya kuhudumiwa. Rundo likibaki, linaingizwa Jumamosi. Sasa fikiria mchambuzi aliyeko mbali anamkuta mhojiwa aliyesema "nilikwenda Jumatano", na mfumo unasema Jumamosi, siku ambayo kliniki ile haifunguliwi kabisa. Ukiona mahudhurio yamerundikana siku moja isiyo ya kawaida, ujue unatazama siku ya karani.

Siku ya pili nilikaa ndani na tabibu. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Ili mgonjwa aandikiwe kipimo lazima kwanza awe na utambuzi wa awali, kwa hiyo tabibu anachagua kwenye orodha kile anachokishuku: malaria, homa ya matumbo, sukari. Majibu yakirudi hayana kitu, mgonjwa anaandikiwa dawa nyingine na kwenda, ila ule utambuzi wa awali mara nyingi hakuna anayerudi kuufuta. Miezi sita baadaye wewe unauona umekaa pale kama ugonjwa aliokuwa nao. Mwenye bima naye ana lake. Dawa ikihitaji utambuzi fulani ili ilipwe, utambuzi huo utaandikwa, kwa nia njema kabisa, mgonjwa apate dawa. Siwalaumu matabibu hata kidogo. Mfumo ule uliwekwa kwa ajili ya huduma na malipo, na wanautumia hivyo. Sisi ndio tunaokuja baadaye kuugeuza shahidi wa jambo ambalo haukuulizwa.

Tazama pia vipimo vyenyewe. Chapa orodha ya presha zilizoandikwa kwenye mfumo kwa mwezi mmoja uangalie tarakimu ya mwisho. Ukikuta 120/80, 130/80, 140/90 zimejaa, na 127/83 hazionekani, jua kuna kukadiria au kunakili. Mashine ya kidijitali haipendelei sifuri, mkono wa binadamu aliyechoka ndio unaoipendelea.

Halafu kuna majina. Hapa ndipo nilipopotezea muda mwingi kuliko popote, na hapa ndipo makosa mabaya kabisa yanapoingia, kwa sababu ukimkosea mtu kwenye kuoanisha, kila kinachofuata ni cha mtu mwingine. Ally na Ali, Asha na Aisha, Halima aliyeandikwa Harima kwa sababu ndivyo karani alivyosikia. Mwanamke aliyejiandikisha kwa jina la baba, mwaka uliofuata akaja na jina la mume. Mzee asiyejua tarehe ya kuzaliwa, akaandikiwa tarehe 1 Januari kama wenzake wengi. Kadi ya bima ya ndugu iliyotumiwa na ndugu. Usioanishe kwa jina peke yake. Weka namba ya faili, kijiji au mtaa, umri kwa kukadiria na jinsia. Wale ambao hata hivyo huna uhakika nao, waweke kando uwaripoti kama hawakuoanishwa. Inauma kupoteza watu kwenye sampuli, lakini kumpa mtu ugonjwa wa jirani yake ni vibaya zaidi.

Kuna kosa jingine ambalo nimeliona hata kwa watu wenye shahada kubwa: kuuchukulia ukimya wa mfumo kama "hapana". Mgonjwa anasema ana sukari, anatumia metformini, na mfumo wa hospitali ya wilaya hauna kitu. Mbona atakuwa nazo nyingi tu sababu! Anachukulia dawa hospitali ya misheni. Ananunua duka la dawa. Aligunduliwa Dar es Salaam alipokuwa kwa mwanawe. Mfumo wa kituo kimoja unajua yaliyotokea kwenye kituo hicho, tena tangu ulipoanza kutumika. Kabla ya kuandika kwamba wanatofautiana, mwulize anakotibiwa.

Saa nayo iangaliwe. Tulikuwa na swali la muda wa kunywa dawa. Mhojiwa anasema "saa mbili", mhojaji anaandika 2:00, na kadi ya kliniki inasema 20:00. Kompyuta ilitutolea safu nzima ya watu "wasiofuata muda", na wote walikuwa wanakunywa saa mbili usiku kama walivyoelekezwa. Tarehe ni hivyo hivyo: faili moja inaanza na siku, nyingine inaanza na mwezi, na tarehe 3 Aprili inakuwa 4 Machi bila mtu kugundua.

Nisieleweke kwamba mgonjwa hakosei. Anakosea. Ukimwuliza alikwenda zahanati mara ngapi mwaka mzima, atazisahau zile safari ndogo za kikohozi na kukumbuka aliyolazwa. Fupisha kipindi, na kiegemeze kwenye kitu anachokijua: tangu Idi, tangu masika yalipoanza, tangu shule zifunguliwe. Na kuhusu kumeza dawa, ukiuliza "Unakunywa dawa vizuri?" umeshamjibia. Mimi husema: "Watu wengi hupitiwa. Siku saba zilizopita, wewe ulikosa mara ngapi?" Utaona bega linashuka, mtu anaanza kuhesabu kwa vidole.

Kwenye Virusi vya Ukimwi mambo yanabadilika, na ushauri wangu wa kurudi nyumbani kwa mtu unafika mwisho hapa. Mtu anaweza kukwambia hajui hali yake huku ana kadi ya CTC, kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye Virusi vya Ukimwi, tena ya wilaya nyingine ambako hakuna anayemfahamu. Hajasahau. Anajilinda, na ana haki hiyo. Utafiti wa viashiria na matokeo ya Ukimwi Tanzania wa mwaka 2016 hadi 2017 haukutegemea kauli peke yake. Damu ilipimwa kama ina dawa za ARV, zile za kufubaza virusi hivyo, na aliyesema hajui hali yake lakini dawa zikaonekana, akahesabiwa miongoni mwa wanaojua. Hakuna aliyefuatwa kuambiwa alidanganya. Ukiwa na shahidi wa tatu kama damu, mtumie kwenye hesabu. Usimtumie kumkabili mtu. Mhojaji anayegonga hodi mara ya pili kwa sababu ya kadi ya CTC anaweza kuvunja ndoa.

Na ridhaa iseme wazi kwamba utafungua taarifa zake za hospitali. "Tutatumia majibu yako kwa utafiti" haimaanishi hivyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, lakini hata kabla ya sheria hizo bibi wa barazani alistahili kujua nani anasoma faili lake.

Ukifika kwenye hesabu, usidanganywe na asilimia ya kukubaliana. Chukua mfano wa watu 100: 3 wana ugonjwa kwa kauli na kwa mfumo, 5 kwa kauli tu, 5 kwa mfumo tu, 87 hawana kokote. Wamekubaliana asilimia 90, inapendeza. Sasa piga kapa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho kinaondoa makubaliano yanayotokea kwa bahati tu. Unapata takribani 0.32, kidogo sana, kwa sababu karibu makubaliano yote ni ya wale wasio na ugonjwa. Toa namba zote nne za jedwali, msomaji aone mwenyewe. Na kama huna kipimo cha tatu, usiseme kauli ya mgonjwa "imepatia" au "imekosa" asilimia kadhaa. Ukisema hivyo umeshaamua nani mkweli.

Safu ya bibi haikubadilishwa. Jibu lake limebaki "Hapana", mfumo umebaki I10. Tulichofanya ni kuongeza safu ya tatu, ya sababu ya tofauti, na yake inasomeka: "aliambiwa kwa maneno mengine". Tulipozijaza safu hizo kwa wale tulioweza kuwarudia, neno "hakumbuki" lilihitajika mara chache sana. Wale ambao hatukuwapata tumewaandikia "haijulikani". Siku ile niliporudi kwake, kabla sijaondoka, nilimsihi bibi awahi hospitali kabla vidonge vyake vitatu havijaisha. Akasema alikuwa anangoja moyo umwume tena ndipo aende.