Usifungue iTax kwenye kompyuta ya gemu

Nahudumia kompyuta za saiba moja Kondele, hapa Kisumu. Mchana huja watu wa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wa kuchapisha vyeti, na mwezi wa Juni foleni ya wanaowasilisha ritani za kodi za KRA kwenye tovuti ya iTax hufika barabarani. Jioni ni vijana wa Valorant, Fortnite na mpira wa EA. Tulipoanza kuruhusu gemu za mtandaoni, nilimwambia mwenye saiba kwamba mashine za gemu zisichanganywe na za kazi. Alinuna, maana kompyuta iliyozimwa mchana hailipi kodi ya jengo. Ushauri huo sijaubadilisha, na mwenye laptop moja tu nyumbani unamhusu zaidi.

Shida ni programu za kuzuia udanganyifu zinazokuja na gemu hizo. Wadanganyifu ndio waliotangulia kujificha kwenye keneli, kiini cha Windows, ambako programu ya kawaida haiwaoni. Kampuni za gemu zikawafuata hukohuko, na programu iliyo huko inaweza kuona na kugusa karibu kila kitu kwenye mashine. Vanguard ya Riot Games, iliyokuja na Valorant mwaka 2020, huamka pamoja na Windows hata siku ambayo huna nia ya kucheza. Mwaka 2024 ikaingizwa kwenye League of Legends pia. Ricochet ya Call of Duty na ile ya EA iliyoanza na FIFA 23 nazo hutumia keneli, ila huanza kazi gemu ikifunguliwa. VAC ya Counter-Strike na Dota 2 haishuki huko kabisa.

Vijana huniuliza kama Wachina wanatuchungulia, kwa kuwa Riot ni mali ya Tencent, kampuni ya China. Swali hilo halininyimi usingizi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mamlaka makubwa hivyo yanaweza kuangukia mikono mingine. Mwaka 2013 mfanyakazi wa ESEA, ligi ya kucheza Counter-Strike mtandaoni, alipenyeza msimbo wa kuchimba Bitcoin ndani ya programu yao ya kuzuia udanganyifu, kadi za picha za wachezaji zikamchapia kazi bila wenyewe kujua. Mwaka 2022 watafiti wa Trend Micro walieleza jinsi wahalifu walivyotumia mhyprot2.sys, draiva ya kuzuia udanganyifu ya gemu ya Genshin Impact inayofanya kazi ndani ya keneli, kuzima antivairasi kabla ya kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Waathiriwa hawakuhitaji hata kuwa na gemu hiyo: wahalifu waliibeba draiva wenyewe, na Windows ikaikubali kwa sababu saini yake ya kidijitali ilikuwa halali.

Sasa ufanye nini? Kufungua akaunti mbili za Windows, moja ya gemu na moja ya kazi, hakukusaidii; keneli ni ileile. Kuicheza Valorant ndani ya kompyuta pepe, yaani Windows inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine, nako Vanguard haikubali. Kama una mashine moja, weka Windows mbili kwenye diski mbili, ile ya kazi uifunge kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, na usiifungue kamwe ukiwa upande wa gemu. Hilo likikushinda, kazi ya pesa iache kwenye simu, kisha ufute nywila zote ulizohifadhi kwenye kivinjari. Barua pepe nayo iache kwenye simu; watu huisahau, na anayeishika hiyo anaweza kubadilisha nywila za karibu kila kitu kingine.

Vanguard unaweza kuizima kwenye aikoni yake karibu na saa. Ukitaka kucheza tena, unawasha kompyuta upya. Ukiondoa gemu, angalia orodha ya programu, kwa sababu Vanguard husajiliwa peke yake. Na yule rafiki anayekutumia programu ya udanganyifu ya kukulengea shabaha yenye maelekezo ya kuzima antivairasi kwanza, huyo ni hatari kuliko Riot na EA wakiwekwa pamoja.

Kuna jambo la mashine za mtumba kutoka Uingereza, ambazo ndizo nyingi huku kwetu. Kwenye Windows 11, Valorant hudai TPM 2.0, chipu ya usalama, na Secure Boot, ukaguzi wa saini mashine inapowaka, na Battlefield 6 nayo hudai Secure Boot. Usikimbilie BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, kuviwasha. Andika kwanza msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafuta cha Windows, uifungue uone hali ya BIOS: ikiandikwa Legacy, diski huwa imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR na lazima igeuzwe kuwa ya mtindo mpya wa GPT, la sivyo Windows haitawaka. Na kama BitLocker inatumika, ufunguo wake wa kurejesha uandike kwenye karatasi kabla hujagusa chochote, maana mashine inaweza kuuomba mara tu unapobadilisha mipangilio hiyo.