Rejeta kabla ya winchi: kwa mnaoanza na mikonga

Wadogo zangu mnaonunua mikonga ya mnadani, yaani Land Cruiser zenye bomba la hewa lililoinuka kama mkonga wa tembo, wiki hii nimeiona tena hali ileile pale Mikindani. Land Cruiser HZJ75 safi, ngao mpya, winchi mpya, taa nne za spoti zimepangwa mbele ya grili, keria ina mpaka ngazi. Chini, maji yanadondoka kutoka kwenye mpira wa rejeta. Mwenye gari akaniuliza tairi za inchi 33 zinapatikana wapi. Nikamwelekeza kwa fundi rejeta. Nadhani alikasirika, lakini namba yangu anayo.

Nayapenda magari haya na nawapenda mnaoyanunua. Ndiyo maana naandika kwa ukali kidogo. Fuateni mpangilio huu wa kutoa pesa.

1. Maji ya injini kwanza.

1HZ, injini ya dizeli ya magari haya, ni silinda 6, lita 4.2, haina tabo (turbo), na ikipata maji na oili itakufikisha Liwale na kukurudisha. Adui yake mkubwa ni joto. Huku kwetu mafundi wengi wana tiba moja ya gari linalochemsha: toa themostati, tupa. Naomba mnisikilize hapa. Themostati, ile valvu inayofunguka kwa joto la maji, kwenye injini hii ina kazi mbili. Ikifunguka kupeleka maji kwenye rejeta, kisahani chake cha upande wa pili huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa. Kwenye lami tambarare ukiwa mtupu hutaona tofauti. Utaiona mlimani, na mzigo, mwezi wa Novemba.

Kuna kijana namwita mdogo wangu kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana. Yeye na mama yake waliweka pesa za korosho misimu kadhaa, wakanunua mkonga uliokuwa wa mradi fulani. Likaanza kupandisha temperecha. Fundi akatoa themostati. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kimechoka, springi yake imelegea, hakikubadilishwa kwa kuwa "kinafunga tu". Kifuniko hakipo pale kwa ajili ya kufunga tu! Kinashikilia presha, na presha ya 0.9 bar inayafanya maji yachemke karibu na nyuzi 118 badala ya 100. Kikilegea, umepoteza nyuzi hizo zote. Pesa iliyobaki ikaenda kwenye winchi na taa, na taa zikafungwa mbele ya rejeta, zikakata upepo.

Siku hiyo alipakia saruji Masasi, ya nyumba ya mama, akawa anapanda nayo Newala. Katikati ya mlima mshale wa temperecha ukapanda. Akapunguza mwendo, akaendelea. Mara mshale ukashuka wenyewe mpaka chini. Aliniambia baadaye kwamba alimshukuru Mungu kwa sauti.

Hapo ndipo panaponiuma kila ninapokumbuka, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Kile kipima joto kinasoma maji. Maji yakiisha, kinabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kurudi chini wakati chuma kinaungua. Mshale ukipanda halafu ukashuka ghafla mlimani, zima injini papo hapo. Yeye alikanyaga mafuta zaidi, akapandisha mpaka gari likaishiwa nguvu likazima lenyewe.

Watu wakaja kusaidia. Mnajua maji yalivyo adimu kule juu kwenye uwanda wa Makonde. Mama mmoja alitoa ndoo yake nzima, maji ya kununua. Kijana akayamimina yote kwa mkupuo kwenye injini iliyokuwa inawaka moto. Nilipofika na kamba jioni, hedi, yaani kichwa cha injini, ilikuwa imekwishapasuka. Tulipoifungua, nyufa zilikuwa katikati ya valvu, gasketi imeungua. Wakasema ichomelewe. Ikachomelewa, ikasagwa, ikafungwa, ikadumu mpaka mvua za Februari. Kisha gari likauzwa spea moja moja. Winchi iliondoka haijawahi kuvuta hata kisiki. Nyumba ya mama mpaka leo imesimama kwenye linta.

Kwa hiyo: rejeta itoke ikazibuliwe, kifuniko kipya, mipira ya juu na chini mipya, themostati halisi irudi mahali pake, klachi ya feni ikaguliwe, kulanti badala ya maji ya kisima, taa zihamie juu. Likichemsha na maji bado yapo, simama, fungua hita yote, acha injini ingurume bila kuikanyaga mpaka mshale ushuke. Maji yakiwa yameisha, zima. Usiguse kifuniko mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono mtupu. Kisha ongeza kidogo kidogo. Mwambie na dereva wako, mwambie na shemeji anayeliazima.

2. Taimingi belti. Kawaida ni kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Kilomita za gari la mnadani msiziamini. Badilisha siku ya kwanza.

3. Nako za mbele. Ukiona uji mweusi unachuruzika kwenye lile bonge la chuma nyuma ya gurudumu, sili ya ndani ya eksili imekufa na oili ya difu inachanganyika na grisi. Kufuta kwa kitambaa si matengenezo. Zifungueni pande zote mbili, na beringi za kingpini zibadilishwe humohumo.

4. Mchanga wa Msimbati. Punguza upepo wa tairi mpaka psi 18 au 20, funga habu za mbele ili fowili iweze kuvuta magurudumu yote manne, kabla hujaingia, siyo baada ya kukwama. Wengi mnafanya kinyume, halafu mnaita trekta. Ukirudi kwenye lami toa fowili na ujaze upepo.

5. Chumvi. Ukitoka ufukweni, osha chini kwa maji yasiyo na chumvi, hasa ndani ya chesesi na kwenye mikono ya springi pati za nyuma. Wenye Land Rover za zamani ndio ninaowahofia zaidi. Bodi ni ya aluminiamu, inang'aa miaka yote, mnunuzi anaridhika, wakati chesesi ni chuma na inaliwa kimyakimya. Piga nyundo ndogo kabla ya kulipa. Muuzaji akikukataza, ondoka.

6. Tabo kwenye 1HZ. Kila mwezi mtu ananiuliza. Injini hii ilitengenezwa bila tabo. Ukiifungia halafu fundi akaongeza dizeli kwenye pampu bila kipima joto cha moshi, unarudi kwenye namba 1 kwa njia ya gharama zaidi. Ukitaka nguvu, anza na nozeli na filta. Mkonga wenyewe ukaguliwe maungio: nimeona vumbi jekundu la Nachingwea limepita kwenye kiungio kilicholegea mpaka ndani ya bomba la hewa.

7. Difu zinapumua. Juu ya kila eksili kuna kitundu chenye kivalvu kidogo. Eksili ya moto ikiingia ghafla kwenye maji, hewa ya ndani inasinyaa, na kama kivalvu kimezibwa na matope, inavuta maji kupitia sili. Ukitoka barabara ya Nangurukuru–Liwale wakati wa masika, fungua bolti ya kujazia. Oili ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, imwage siku hiyohiyo.

Hii ndiyo modifikesheni ninayoipenda kuliko zote na ni ya bei ndogo. Nunua mpira wa dizeli, ule unaohimili oili, uunge pale penye kivalvu, wa mbele upandishwe mpaka ndani ya boneti karibu na boksi la filta ya hewa, wa nyuma ufike usawa wa taa. Gia boksi na transfa nazo vilevile. Funga kwa klipu, lakini uache mpira ulegee kiasi, kwa sababu eksili hupanda na kushuka. Ukiubana sana utang'oka kwenye korongo la kwanza.