Bango linasema bei, mita inasema kweli

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Naendesha bodaboda, kijiwe chetu kipo Gungu, Kigoma. Natia petroli ya shilingi 3,000 mara nne kwa siku. Wenzangu wanasema Ujiji kuna sheli yenye nafuu ya shilingi 30 kwa lita. Inalipa kuifuata? Na petroli ya bei ya chini si dhaifu?
Msomaji, Gungu

JIBU: Kama huna abiria wa Ujiji, hailipi. Chukulia lita ni shilingi 3,000, ili hesabu iwe nyepesi. Pikipiki ya cc 125 au 150 hutembea kilomita 40 hadi 50 kwa lita. Kwenda na kurudi tuseme kilomita 10: umechoma petroli ya shilingi 600 hadi 750. Hata ukijaza lita 10, nafuu yako ni shilingi 300 tu.

Tofauti huwa ndogo kwa sababu EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya kila mji, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Sheli inaruhusiwa kuuza chini ya kikomo hicho, hairuhusiwi kukipita. Piga *152*00# ufuate maelekezo upate kikomo cha Kigoma, kisha linganisha na mabango ya sheli unazopita kila siku ukiwa kazini. Usiangalie cha Dar es Salaam. Sisi tuko mbali na bandari, na nauli ya mafuta imo ndani ya bei yetu.

Pesa yako inapotea kwingine, ndugu yetu, na hapa tunakuomba uwe makini. Kabla mhudumu hajabonyeza, mita isome sifuri. Halafu tazama mwanzo wa kumimina: kwenye pampu mbovu namba huruka kabla mafuta hayajatoka, mara nyingi kwa sababu vali ya kuzuia mafuta yasirudi inavuja na mpira wa pampu umebaki mtupu. Mita ikiruka lita 0.05 tu, umelipia shilingi 150 za hewa. Anayejaza lita 20 hatasikia kitu, lakini wewe unayetia lita moja umepoteza asilimia 5, na ukirudia mara nne ni shilingi 600 kwa siku. Zikusanye hizo mara nne ziwe moja asubuhi, lita 4 kwa mkupuo, hasara ibaki 150. Hiyo ni nafuu kubwa kuliko ya Ujiji.

Kuhusu nguvu, ondoa hofu. Mafuta ya nchi nzima huagizwa kwa pamoja, na petroli yote ya sheli zetu haina madini ya risasi. Bei ya chini peke yake si dalili ya ubovu. Cha kuogopa ni maji na uchafu: ukikuta lori linashusha mafuta, nenda sheli nyingine, maana takataka za chini ya tangi zimetibuliwa.

SWALI: Nikipima kwa dumu la lita 20 nitajua kama pampu inapunja?
Msomaji, Mwanga

JIBU: Hapana. Dumu la plastiki lililoandikwa lita 20 huingia zaidi ya hapo likijaa hadi mdomoni, na hutanuka likitumika sana, kwa hiyo utamlaumu mtu bure. Omba pampu ipimwe kwa kipimo cha chuma kilichohakikiwa, na tazama kama ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Vivyo hivyo petroli ya chupa za barabarani: chupa ya maji ya lita moja na nusu mara nyingi haijazwi, na hakuna mita ya kuulizia. Tena ni hatari ya moto.

Ukikataliwa kupimiwa, dai risiti ya pampu. Inatakiwa ionyeshe jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei ya lita. Andika nyuma yake namba ya pampu na saa, uipeleke Wakala wa Vipimo. Kama kosa ni bei kuzidi kikomo, ipeleke EWURA. Bila risiti hiyo malalamiko yako hayana pa kushikia.