Mwacheni bibi mwenye bakuli asimulie

Mmeuliza wiki hii: hadithi gani ya kale isiyosikika sana inafaa kusimuliwa upya, na vipi?

Yangu ni Sultani Darai. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliikusanya Unguja, ikachapwa London mwaka 1870. Lakini watoto wa mtaani kwetu Mbagala wanamjua paka avaaye buti wa Ufaransa. Paa wetu, yule mnyama wa hadithi hii, hawamjui.

Masikini anachakura jalalani akitafuta punje za mtama. Anaokota thumni, ananunua paa. Kumbe paa anasema! Paa huyo anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani, anamposea bwana wake binti wa sultani kwa jina la Sultani Darai, kisha analiua joka la vichwa saba ili bwana apate nyumba. Paka wa Wafaransa anaishia kustarehe. Paa anaugua, na bwana wake anaagiza apikiwe uji wa mtama. Paa anakufa, anatupwa kisimani, na bwana anaamka yuko jalalani palepale.

Nilijaribu kwanza kumhamishia masikini dampo la Pugu, aokote chupa za plastiki. Haikunoga. Jalala lilikuwa jipya, hadithi ni ileile.

Kisha nikamkumbuka bibi kizee. Paa alimkuta katika nyumba ya lile joka, kwa hiyo anajua vizuri nani aliyemkomboa. Na yeye ndiye anayetumwa: paa anasema mwambie bwana naumwa, bibi anaenda, anamkuta bwana na mkewe wamekaa wanatafuna tambuu, anarudi na jibu huku machozi yanamtoka. Wasimulizi wanampitia haraka. Mimi siwezi kumpita.

Niliwahi kufanya kazi za ndani Mikocheni. Chumba cha nyuma alilala mama mzazi wa bosi, mgonjwa, na mimi ndiye niliyepeleka uji na kurudisha maneno. Siku moja alinituma nimwambie mwanawe aje amwone. Bosi alijibu bila kuinua macho kwenye simu: mpe uji, alale. Nilisimama ukumbini na lile bakuli la bluu hadi uji ukafanya utando juu. Nilipoingia nikasema, "Amesema atakuja jioni." Mama akajitengeneza kanga kichwani, akakaa kumsubiri. Hadi leo sijui kama nilimtendea wema au nilimwongezea uchungu.

Bibi wa Sultani Darai hakutia sukari. Alilisema jibu kama lilivyo, na paa akafa. Hilo ndilo ningelifungua kwa kurasa nyingi, yeye mwenyewe asimulie: alichokiwaza kutoka kwa bwana hadi kwa paa, hatua kwa hatua, bakuli mkononi. Almasi, harusi na joka vingekuja kama mambo anayoyakumbuka njiani. Ningeanzia pale anapofika, paa hawezi tena kuinua kichwa, anauliza: "Mama, bwana amesemaje?"