Maswali ya Wasomaji: Plazma Baridi na Mshono Uliokataa Kufunga

SWALI: Mama mkwe wangu ana miaka 61 na ana kisukari. Wiki tatu zilizopita alifanyiwa upasuaji wa tumbo, na mshono umeshika isipokuwa sehemu ya chini, ambayo imeachia kwa upana wa sarafu na hutoa majimaji yanayolowesha bandeji kila siku. Mwanangu anayesoma chuo amesoma kwamba Ujerumani vidonda vya namna hii hutibiwa kwa plazma baridi. Je, ni plazma ile ya damu? Haiunguzi? Tuanze kuchanga fedha? Msomaji wa Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, poleni kwa kuuguza. Plazma ya damu, yaani yale majimaji ya njano yanayobaki damu inapoondolewa chembechembe zake, haihusiki hapa. Inayozungumzwa ni gesi iliyopitishiwa umeme hadi baadhi ya chembe zake zikapoteza elektroni, na sote tumekwisha kuiona, kwa kuwa mwali wa radi unaopasua anga la Dodoma mvua za Desemba zinapoanza ni plazma vilevile. Ile ya tiba huitwa baridi kwa sababu nishati yake hubebwa na elektroni, ambazo ni nyepesi mno, ilhali gesi yenyewe, aghalabu argoni au hewa ya kawaida, hufika kwenye ngozi ikiwa na joto lisilozidi nyuzi 40. Haiunguzi ikitumiwa inavyopasa.

Plazma hiyo ikichanganyika na hewa huzalisha, kwa muda mfupi sana, aina kali za oksijeni na naitrojeni zinazoharibu kuta za bakteria, wakiwamo waliokwisha kuzoea dawa, na wakati huohuo huchochea seli za kidonda kugawanyika na damu kupita vizuri zaidi katika mishipa midogo. Kiasi ndicho chenye uamuzi, maana plazma ikizidi huua hata seli zinazojenga. Ndiyo sababu kifaa chenye umbo la kalamu hupitishwa juu ya kidonda kwa takriban nusu dakika hadi dakika moja kwa kila sentimita ya mraba, kisha matibabu hurudiwa baada ya siku chache.

Ushahidi upo, lakini haulingani kwa vidonda vyote. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 40 waliochunwa ngozi ya kupandikizwa, na sehemu zilizopigwa plazma zilipona vizuri zaidi kuliko zilizopulizwa gesi tupu. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa vidonda vya miguu vya wenye kisukari, ulionyesha kwamba vilipungua ukubwa haraka zaidi, ingawa idadi ya bakteria haikutofautiana na ya waliopewa tiba ya kuigiza. Kwa maoni yangu, hilo la pili ndilo la kuzingatiwa nyumbani kwenu: plazma haichukui nafasi ya kutibu maambukizi.

Kwa hiyo msichange fedha sasa. Mshono unaoachia kwa mgonjwa wa kisukari una sababu, nayo yaweza kuwa sukari iliyopanda, usaha uliojificha, uzi uliobaki ndani, upungufu wa damu au lishe duni. Mrudisheni wiki hii kwa waliompasua, wapime kina cha kidonda, waoteshe majimaji hayo maabara kuona kama yana bakteria, na waangalie sukari yake. Majimaji ya rangi ya waridi yakimwagika kwa wingi ghafla, au akihisi kitu kimeachia ndani, funikeni kidonda kwa kitambaa safi na mumfikishe hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa huenda tabaka la ndani la tumbo limefunguka. Nyumbani, bandeji ibadilishwe ndani, milango ikiwa imefungwa, kwani upepo wetu na vumbi lake mnaujua. Ugali wa uwele na mlenda pekee havijengi nyama ya kutosha. Aongezewe mayai, choroko, maziwa au samaki wa Mtera.

Sababu zote zikishughulikiwa na kidonda bado kikadumaa kwa wiki kadhaa, hapo swali la mwanao litakuwa na nafasi yake mbele ya daktari wa upasuaji. Yeyote atakayewauzia tiba hiyo kabla ya hapo aonyeshe kwanza usajili wa kifaa chake kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Argoni ya mtungi wangu si ndiyo hiyohiyo? Msomaji wa Kizota.

JIBU: Gesi ni hiyohiyo, fundi, na hata mwali wako ni plazma, ila ni ya moto, yenye maelfu ya nyuzi joto. Huyeyusha chuma, na haitakiwi kukaribia kidonda cha mtu yeyote.