Picha kwenda diski ya nje: nakili kwanza, kufuta baadaye

Dada, kwa hizo GB 300 za picha na video za harusi zilizojaza laptopu yako, diski ya TB 1 inatosha kabisa. Ila usikate na kubandika, nakili. Umeme ukikatika hapo Nkuhungu au waya ukilegea katikati ya kuhamisha, faili linaweza kubaki nusu. Chaja iwe imechomekwa, betri imejaa, na kompyuta uizuie isilale.

Ikiwa diski bado tupu, ifomati (iandae upya) kwa exFAT, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski. Mfumo mwingine, FAT32, haupokei faili moja linalozidi GB 4, na video ndefu za ukumbini hukwama hapohapo.

Ukimaliza, linganisha folda zote mbili: idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti, siyo nafasi zilizochukua kwenye diski, maana hiyo hutofautiana. Fungua picha kadhaa kutoka kwenye diski yenyewe, hasa za mwishomwisho. Usiichomoe diski kabla ya kuiondoa kwa amri ya kompyuta (Eject).

Sasa tafadhali usifute za kwenye laptopu bado! Ukifuta, unabaki na nakala moja tu. Nunua diski ya pili, nakili tena, ipeleke kwa ndugu yako Kondoa au Singida. Mwizi akiingia kwako, ile nyingine ipo.